Gari linakula oili, lakini moshi hautoshi

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni msomaji wenu wa Ujiji. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1997 yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ninayoitumia kupeleka mawese na dagaa Kasulu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki hufanya safari fupi fupi za Kibirizi na Mwanga. Kwa miezi minne sasa linakula oili: kila Jumapili nikichomoa dipstiki nakuta imeshuka, nami huongeza lita moja. Asubuhi nikiliwasha hutoka moshi kwa dakika mbili au tatu, ambao mwenzangu mmoja anasema ni mweupe na mwingine anasema ni wa bluu, kisha hukatika. Na nikipanda milima ya kwenda Kasulu nikiwa na mzigo, hutoka moshi mweusi. Fundi wa kwanza alisema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini tufanye ovahoo, yaani tuifungue yote na kuijenga upya, na bei aliyonitajia inakaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe. Fundi wa pili alisema niweke oili nzito na dawa ya chupa. Nimfuate yupi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwa sasa usimfuate yeyote kati yao, kwa sababu hakuna aliyepima kitu, na maelezo yako mwenyewe yana jambo ambalo wote wawili wamelipita bila kuliona.

Tuanze na hesabu. Kutoka Ujiji hadi Kasulu ni karibu kilomita 100, kwa hiyo safari mbili za kwenda na kurudi ni kilomita 400, na ukijumlisha mizunguko ya mjini tuseme unafika 500 kwa wiki. Lita moja kwa kilomita 500 ni nyingi mno. Watengenezaji wengi wa magari huichukua lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndiyo mwisho wa kuvumilia, na wewe umepita kiwango hicho mara mbili. Hapo fundi wako wa kwanza ana haki ya kushtuka. Lakini katika kilomita hizo hizo 500, Hilux yenye mzigo hutumia dizeli lita 55 au 60. Maana yake ni kwamba, kama oili yote hiyo ingekuwa inaungua ndani ya silinda, injini yako ingekuwa inachoma sehemu moja ya oili kwa sehemu hamsini na kitu za dizeli, muda wote, barabara nzima.

Wewe unakaa karibu na ziwa, na bila shaka umewahi kuwa ufukweni Kibirizi asubuhi boti zinapowashwa. Zile mashine ndogo za nyuma ya boti zinazochanganyiwa petroli na oili huwekewa kiasi kinachokaribia hicho hicho, lita moja kwa lita 50, nawe unaujua utando wa bluu unaobaki juu ya maji baada ya boti kuondoka. Dizeli iliyokwisha kupata moto huchoma oili kikamilifu kuliko mashine ya boti, kwa hiyo sisemi kwamba moshi ungekuwa sawasawa, nasema ungeuona. Anayekufuata kwa pikipiki angekulalamikia. Wewe unasema moshi wa asubuhi hukatika baada ya dakika tatu na haurudi, isipokuwa ule mweusi wa mlimani, ambao si wa oili. Moshi ulionao hautoshi kumaliza lita moja kwa wiki. Sehemu kubwa ya oili yako, kwa maoni yangu, haiungui, inamwagika.

Mahali pa kwanza ninapokuomba utafute uvujaji huo ni nyuma ya oltaneta, ile mashine inayochaji betri. Katika Hilux nyingi za kizazi hicho, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa oltaneta na inalainishwa kwa oili ya injini, inayoingia kwa mpira mwembamba na kurudi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa mpira mnene zaidi. Mipira hiyo ikikomaa hupasuka, na sili ya pampu, yaani mpira unaozuia oili isipite, ikichoka hupitisha oili kuelekea kwenye oltaneta yenyewe. Fungua boneti injini ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha kidole chini ya oltaneta, kisha kitazame. Kikitoka na vumbi kavu, endelea mbele. Kikitoka na tope jeusi laini, lile vumbi letu jekundu lililokwisha kushikana na oili hadi likawa kama uji wa ulezi, umekaribia kumpata mwizi wako. Uvujaji wa hapo hutokea injini inapozunguka, na upepo wa safari huisambaza oili chini ya gari, ndiyo maana ukiliegesha uani huoni tone lolote ukadhani halivuji.

Ukiwa hapo hapo, chomoa mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki na uchungulie ndani. Ukikuta umelowa oili, basi pampu inaisukuma oili upande usiostahili, na oili hiyo huozesha mpira ulio ndani ya busta. Hilo si suala la lita moja kwa wiki tena, ni suala la breki kwenye mteremko wa kutoka Kasulu ukiwa na mapipa ya mawese nyuma, na gari lisitoke uani mpaka litengenezwe.

Kama oltaneta ni kavu, osha injini yote kwa sabuni na maji kidogo, ukiwa umefunika oltaneta, betri na mdomo wa filta ya hewa kwa nailoni, uiache ikauke, halafu nenda Kasulu na urudi. Kisha lala chini ya gari na tochi. Tazama gasketi ya kifuniko cha valvu, pale filta ya oili inapokaa, sili za mbele nyuma ya kava ya mkanda wa taimingi, na mwisho kabisa pale injini inapokutana na gia boksi, kwa sababu sili ya nyuma ya krankshafti ikivuja, oili huchuruzika mahali hapo. Kumbuka kwamba oili hushuka na hurudi nyuma kwa upepo. Sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote ndiyo chanzo, na zilizo chini yake ni njia tu. Ukikuta sili za mbele zinavuja, usizibadilishe peke yake ukarudisha mkanda ule ule wa taimingi uliolowa oili. Toyota wamepanga mkanda wa injini hizi ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ndiyo maana kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi.

Sasa moshi wa asubuhi. Wenzako wanabishana juu ya rangi, na siwalaumu, maana moshi mwembamba ukitazamwa kuelekea jua huonekana mweupe na ukitazamwa penye kivuli huonekana wa bluu. Acha macho, tumia pua. Moshi wa dizeli isiyoungua huwasha macho na kunuka dizeli mbichi; moshi wa oili hunuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni na hauwashi macho kwa kiasi hicho. Njia nyingine ni kushika kipande cha kadibodi nyeupe umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ekzosi kwa dakika moja tangu gari linapowaka: oili huacha madoa ya mafuta yasiyokauka, na dizeli huacha unyevu wenye harufu yake.

Ikiwa ni oili, na inatoka kwa nusu dakika tu kisha imekwisha, shaka yangu ni sili za valvu, ambazo usiku kucha huachia oili idondoke taratibu ndani ya silinda. Hapa nataka niseme jambo moja kwa mafundi waliozoea magari ya petroli. Kwenye petroli tumezoea kupima sili za valvu kwa kuteremka mlima tumeachia akseleta na kutazama moshi unapotoka tukikanyaga tena. Dizeli nyingi za zamani hazina kipepeo cha kubana hewa, kwa hiyo hakuna mvuto mkubwa wa kunyonya oili kupitia valvu wakati wa kuteremka, na kipimo hicho hakikuambii mengi. Kipimo cha dizeli ni kutazama moshi wa asubuhi baada ya gari kulala usiku.

Ikiwa ni dizeli mbichi, na injini inamisi, yaani inakatakata, kwa dakika hizo mbili tatu kabla ya kutulia, kapime plagi za kupasha moto. Ziko nne, na tatu zinatosha kuliwasha gari, ila silinda ya nne inabaki baridi ikitema dizeli mpaka ipate moto kutoka kwa wenzake. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, chukua taa ya kupimia iliyounganishwa na upande wa chanya wa betri, na gusa ncha ya kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Maelezo yako ya dakika mbili au tatu yananisukuma upande huu kuliko upande wa sili za valvu, na plagi ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na ovahoo.

Zikiwa zote nzima, pata anayejua kulegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa akseleta. Silinda ambayo ukiilegeza injini haibadilishi mlio lakini moshi unapungua ndiyo yenye tatizo, na nozeli yake ipelekwe kwa fundi wa pampu ikapimwe mnyunyizo. Kazi hii ifanywe na mtu aliyevaa miwani ya kukinga macho na kufunika nati kwa kitambaa, kwa maana nozeli hizi hufunguka kwa presha inayozidi bar 100 na dizeli inayoruka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Na isifanywe kamwe kwenye dizeli za kisasa za komoni reli, zenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, ambazo presha yake inapita bar 1,000. Hapo ni kuua mtu.

Kuhusu moshi mweusi wa mlimani, maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa. Injini ya 3L haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inapumua kwa mapafu yake yenyewe, na Kasulu iko juu ya usawa wa ziwa kwa mita mia kadhaa, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Ukungu kidogo mweusi ukiwa umekanyaga akseleta hadi mwisho na mzigo uko nyuma haunitishi. Ukiwa mzito kiasi cha kuficha gari lililo nyuma yako, tazama filta ya hewa, halafu uliza kama kuna mtu aliyewahi kuzungusha skrubu ya pampu ili gari "lipate nguvu". Hilo hufanywa mara nyingi kuliko wenye magari wanavyojua.

Filta ya hewa inahusika na oili pia, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndipo injini nyingi za mikoa yetu zinapofia. Filta iliyoziba huifanya injini inyonye kwa nguvu, na kwa kuwa mpira wa briza, unaotoa mvuke wa oili ndani ya injini, umeunganishwa kwenye njia hiyo ya hewa, mvuke wa oili hunyonywa ukaungua. Hiyo ni hasara ndogo, unabadilisha filta yanaisha. Hasara kubwa ni filta isiyoziba vizuri pembeni. Niliwahi kuletewa hapa Tabora gari lililokuwa likifanya kazi upande wa Sikonge, filta mpya kabisa, mwenyewe ananionyesha risiti. Nilichomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, nikapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka na mstari mwekundu. Filta ile ilikuwa fupi kwa upana wa ukucha. Ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake, na vumbi lilikuwa linapita pembeni bila kuchujwa. Ringi za injini ile zilikuwa zimesagwa kama kwa msasa, na ovahoo ilikuwa imefanywa mwaka mmoja tu nyuma. Pitisha kitambaa cheupe kwenye gari lako leo hii, kabla hata hujatazama oltaneta.

Ukimaliza hayo yote na oili bado inapotea, hapo ndipo tuzungumze juu ya ringi, na tuzungumze kwa vipimo. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, fungua kifuniko cha kutilia oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu bila kukikaza. Kikitikisika tu mahali pake, ringi bado zina uhai; kikirushwa, na moshi ukitoka tunduni kwa mapigo, gesi inapita pembeni mwa pistoni. Kisha pimeni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kupitia matundu ya plagi za kupasha moto, zote nne zikiwa zimefunguliwa, waya wa kufungulia dizeli kwenye pampu ukiwa umechomolewa na betri imejaa. Geji iwe ya dizeli. Ya petroli haifai, kwa kuwa kitabu cha ufundi cha 2L na 3L hutaja bar 31 hivi kwa injini nzima, bar 20 kuwa kikomo, na tofauti isiyozidi bar 5 kati ya silinda na silinda. Fundi akitaka kumimina oili ndani ya silinda ili apime tena, kama inavyofanywa kwenye petroli, mkataze kwa upole: nafasi inayobaki juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, oili huijaza, na geji hupanda hata kama ringi ni mbovu, achilia mbali hatari ya kupinda fimbo ya pistoni.

Ninamuomba fundi wako wa kwanza akuandikie namba hizo nne kwenye karatasi. Zikiwa chini ya kikomo, nitakuwa wa kwanza kukuambia ushushe injini.

Oili nzito na dawa ya chupa sizipendekezi. Oili nzito hupunguza kidogo kinachopita kwenye ringi na kinachovuja kwenye sili, lakini asubuhi huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, na hakuna mpira uliopasuka unaozibwa na uzito wa oili. Baki na 15W-40 ya dizeli, pima ukiwa umeegesha mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kumi, na usijaze kupita alama ya juu. Andika kilomita kila unapoongeza, na uongeze kwa kipimo, robo lita kwa robo lita.

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni kijana dereva wa Urambo. Naendesha pikapu ya Nissan yenye injini ya TD27. Kinachonishangaza ni kwamba oili haipungui bali inaongezeka. Dipstiki imepita alama ya juu na hakuna aliyeongeza. Tajiri wangu anasema tushukuru, tunaokoa pesa. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiliwashe tena gari hilo, na umsomee tajiri wako aya hii. Kama umejaza hata tone moja la maji kwenye rejeta siku za karibuni, tazama kwanza kama oili imegeuka rangi kama ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji. Kama bado ni nyeusi, nyepesi kama maji vidoleni na inanuka dizeli, basi ni dizeli inayoingia kwenye sampo. Pampu ya TD27 huzungushwa kwa gia zilizo ndani ya injini, tofauti na Hilux ya ndugu yetu wa Ujiji ambayo pampu yake huzungushwa na mkanda ulio nje ya oili. Kwa hiyo sili ya shafti ya pampu yako ikichoka, dizeli haimwagiki chini ukaiona, inateremka moja kwa moja kwenye oili. Nozeli inayodondosha nayo huweza kufanya hivyo kwa kuosha kuta za silinda.

Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kubeba krankshafti, na beringi hufa kimya kimya. Lakini kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Oili ikizidi sana, injini huanza kuinyonya kupitia briza na kuichoma kama dizeli, na hapo hukimbia yenyewe kwa mzunguko wa juu kabisa, moshi umefunika barabara, nawe ukizima swichi haizimiki kwa sababu haitegemei tena pampu. Likikukuta, ingiza gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi ili injini ife. Ukishindwa, ziba mdomo wa njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono. Wengi hushtuka wakaruka nje ya gari, na injini hujisambaratisha.

Mwageni oili yote, pampu ifunguliwe na ibadilishwe sili yake kwa fundi wa pampu, nozeli zipimwe hapo hapo, kisha wekeni oili na filta mpya. Baada ya kilomita 200 chomoa dipstiki uinuse tena.

SWALI: Fundi, nina Toyota Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE hapa Isevya, Tabora. Maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, na hata injini ikiwa ya moto hutoka moshi mweupe usiowasha macho. Oili iko sawa. Nini?

JIBU: Huo si moshi, ndugu yangu, ni mvuke. Injini ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka silinda hedi, hasa ikiwa imewahi kuchemsha, na nyufa zake hupitisha maji kwenye silinda kabla hayajafika kwenye oili. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi juu, mtu awashe, nawe utazame. Mapovu yakitoka mfululizo tangu dakika ya kwanza, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ikiwa ya moto usikiguse kifuniko hicho.

Hedi ikishafunguliwa, usikubali kubadilishiwa gasketi peke yake. Ipelekwe ikapimwe kwa presha ya maji kwanza, kabla ya kuinyoosha, na uwepo mwenyewe inapopimwa.